Cherehani Bila Sindano

Mimi fundi wa kushona, kilima cha Kadutuni,
vitenge vingi naona, vimerundikwa pembeni,
kila kimoja chanena, kinadai: lini, lini?
Kisha nakumbuka tena –

Ngojeni. Maharagwe.

Yameungua.
Nilitaka kuyaongeza maji, nikakuta bidoni tupu,
nikaishika kwenda bombani,
bombani motari anagombana na abiria juu ya faranga mia tano,
nikasimama kuamua, na nilipokuwa naamua
nikakumbuka vifungo vya gauni la Mama Cirhuza,
nikashuka ngazi za udongo mpaka sokoni,
nikarudi na vifungo, na mche wa parachichi ambao sikuutafuta,
bila maji.
Moshi ulinipokea mlangoni kama mwenye nyumba.

Ubeti ule wa juu uacheni hivyo, na mguu wake mmoja.
Tunafahamiana.

Mwalimu Bisimwa aliniandika: mtoro anayehudhuria.
Mwili kwenye benchi, mimi juu ya bati
nahesabu matone, kila moja na jina lake.
Nyumbani, mama: kichwa chako kapu, nikitia maji yanamwagika.
Nikaamini. Nikakua, nikaolewa, nikazaa
kapu lingine.

Ashuza, miaka tisa. Amehamishwa benchi mara nne.
Mchungaji alimwekea mikono kichwani akakemea, akakemea,
Ashuza akafungua jicho moja akauliza
saa yako, Pasta, mshale mwekundu unakimbilia wapi?

Daktari alikuwa msichana, Nabintu, dirisha lake linatazama ziwa.
Anapoteza vitu?
Ndiyo.
Anaanza kazi kumi, anamaliza mbili?
Ndiyo, mbili zikiwa nyingi.
Anakatiza watu kabla hawaja–
Ndiyo! Hata asubuhi hii nimetoka na viatu visivyo ndugu.
Akainama akatazama miguu yangu.
Akaweka kalamu chini, taratibu.
Mama, bado tunamzungumzia mtoto?

Akaandika herufi nne, TDAH, na chini yake maneno marefu ya Kifaransa.
Si pepo, alisema. Si uvivu, wala si malezi.
Ubongo ndivyo ulivyo.
Sikulia. Nilipiga hesabu.
Miaka thelathini na minane ya kuitwa mvivu
na watu waliolala mapema nikiwa bado nafumua
nilichokishona vibaya mchana.
Fimbo sikuzihesabu. Ningekosea njiani.

Tunaishije? Hivi:
ufunguo shingoni, kwa kamba ya kiatu.
Chaki ukutani, siku za wateja, na kila nikipita nasoma kwa sauti.
Ashuza ana vidonge nusu, ana maneno machache, moja kwa wakati,
na jioni ana cherehani yangu.
Naitoa sindano, navua mkanda,
yeye anakaa na daftari, miguu kwenye pedali,
traka-traka-traka, hakuna kinachoshonwa,
lakini hesabu zinaisha!
Miguu ikienda, kichwa kinakaa.
Jirani anasema namharibu. Namwambia aniletee sketi yake keshokutwa.
Na kuna usiku mwingine, usioniomba ruhusa:
gauni la arusi, umeme umekatika, mshumaa,
nashona na dunia yote inanyamaza pale ncha inapoingia,
nikiinua macho ni alfajiri, chai ya jana imeota ngozi.
Asubuhi hiyo wanasema nina kipaji.
Kichwa ni kile kile, jamani. Kile kile cha maharagwe.

Sijapona, na sitawadanganya.
Juzi nilimfokea kwa kupoteza kiatu
hali kiatu nilikishika mimi.
Tulicheka, lakini yeye alichelewa kucheka,
na kule kuchelewa bado kunanichoma.

Sasa ananichungulia begani, anasoma ubeti wa kwanza,
anahesabu kwa vidole: Mama, hapa pamebaki nane, na kina ni ni.
Najua, nasema, niache niwaze.
Ameshatoka. Nasikia miguu yake kwenye ngazi,
halafu sauti, kutoka chini kabisa, mtaa mzima unasikia:

bidoni iko bombani!